Picha Katika Nyumba ya Kanombe

Nyumba ninayotaka kuizungumzia ipo Kanombe, upande wa mashariki wa jiji la Kigali, karibu na uwanja wa ndege. Aliishi humo Rais Juvénal Habyarimana, aliyetwaa madaraka ya Rwanda kwa mapinduzi ya Julai 1973, na baada yake akaishi humo Rais Pasteur Bizimungu hadi alipoacha urais mwaka 2000. Baadaye serikali ikaifanya makumbusho, na mwaka 2018 ikaipa kazi mpya: kuwa Makumbusho ya Sanaa ya Rwanda. Leo mtu yeyote mwenye kiingilio hupita langoni, akapanda ngazi na kutazama picha na vinyago katika vyumba ambavyo zamani nadhani hata waziri hakuviingia bila kuitwa.

Uamuzi huo niliposikia habari zake sikuupenda, na sikuficha. Kabla ya hapo makumbusho hayo ya sanaa yalikuwa Rwesero, huko Nyanza, kusini mwa nchi, katika jumba jingine la utawala lililojengwa kwa ajili ya Mfalme Mutara wa Tatu Rudahigwa. Mfalme huyo alifariki Julai 1959 kabla hajahamia. Nilifika Rwesero mara moja, nikaona jumba lililojengwa likakosa mwenyewe, na picha zimekaa humo kwa raha, kama wageni waliokabidhiwa ufunguo na kuambiwa wajisikie wako kwao. Kuzitoa pale na kuzipeleka Kanombe, nilisema, ni sawa na kumtoa bibi arusi chumbani kwake ukamlaze chumba cha maiti. Neno hilo nililisema mbele ya walimu wastaafu wenzangu, wakacheka na kulirudia. Neno likishawapendeza watu msemaji wake huacha kulichunguza, nami sikulichunguza kwa miaka mitano.

Agosti 2023 nilikwenda kujionea. Mjukuu wangu ndiye aliyeendesha gari. Kutoka kwetu Ngara si safari ndefu. Ukishuka Rusumo, ukavuka Mto Kagera na kubadili upande wa barabara, kwa maana wenzetu huendesha kulia, zimebaki kilomita zipatazo 160 za lami nzuri. Sijawahi kuvuka daraja lile bila kuutazama mto. Mwezi Aprili na Mei 1994 maji yale yalikuwa yakipitisha maiti kuelekea Ziwa Victoria, na sisi wa kando ya mto tuliacha kula samaki. Kisha, tarehe 28 na 29 Aprili, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka wakaingia wilayani kwetu, wakaweka kambi Benaco. Miongoni mwao walikuwamo waliokimbia kifo, na walikuwamo walioua, na sisi hatukuwa na kipimo cha kuwatenganisha. Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi isiyo mbali na kambi hiyo. Nitalirudia jambo hili.

Njiani tulisimama Nyakarambi, katika Wilaya ya Kirehe, mahali wanapotengeneza imigongo. Msomaji asiyeijua aelewe kwamba ni sanaa ya samadi. Kina mama huchukua samadi ya ng'ombe, huichanganya na majivu, huiumba kwa vidole iwe matuta membamba yanayokwenda mshazari, yakikatana na kuzunguka, na ikikauka huipaka rangi: nyeusi, nyekundu ya udongo, na nyeupe ya chokaa ya mfinyanzi. Inasimuliwa kwamba aliyeianzisha ni Kakira, mwana wa Mfalme Kimenyi wa Gisaka, aliyependa kuta za ndani ya nyumba yake zing'are. Asili yake basi si kitu cha kutundikwa. Ilikuwa ukuta wenyewe. Siku hizi huumbwa juu ya vipande vya mbao ili mgeni aweze kubeba, nami nilinunua kipande cha ukubwa wa ubao wa chesi, nikakifunga gazeti, nikakiweka kiti cha nyuma.

Kanombe tulipokelewa na binti mmoja, mtembezaji wageni, ambaye kwa umri wake alizaliwa baada ya mambo yote hayo. Aliongea Kiswahili safi. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi huko. Aliniita mzee na kunishika mkono kwenye ngazi, nami sikukataa, kwani ngazi zile zina habari yake. Alitueleza kwamba zilitegwa vyombo vya kuhisi mguu wa mtu, ili anayepanda kwenda vyumba vya kulala ajulikane kabla hajafika. Akatuonyesha mahali palipofichwa silaha, na vyumba vya siri, na mahali pa muziki na dansi, na kikanisa cha familia ambamo, alisema, alisali Papa Yohane Paulo wa Pili alipoizuru Rwanda Septemba 1990. Dansi na kikanisa vimo chini ya paa moja. Nje kuna bwawa la kuogelea, na kuna kibwawa kingine alimofugwa chatu.

Nikiri kwamba hadi hapo sikuwa nimetazama picha hata moja. Zilikuwapo tangu chumba cha kwanza. Nilizipita kama mtu anavyopita mapazia. Si mimi peke yangu. Tulikuwa kundi la watu tisa, na nikaanza kutumia saa yangu kama nilivyokuwa nikifanya katika chumba cha mtihani. Kwenye ngazi zenye mitego kila mmoja alisimama, wengine wakashuka na kupanda tena. Kwenye kibwawa cha chatu mjukuu wangu peke yake alitumia dakika kumi na maswali sita: alikula nini, alikuwa na urefu gani, alikwenda wapi. Kwenye picha iliyokuwa ukutani karibu na dirisha, ambayo nitaieleza punde, hakuna aliyesimama.

Hili ndilo la kwanza ninaloliona katika kufanya nyumba ya mkubwa kuwa nyumba ya sanaa: nyumba inashinda. Watu tunapenda siri za vyumba vya wakubwa kuliko tunavyopenda rangi juu ya kitambaa. Ukitupa nafasi ya kuona mahali rais alipolala, mchoraji atasubiri sana. Sidhani hili ni kosa la waliopanga maonyesho wala la binti yule, aliyeifanya kazi yake vizuri kuliko walimu wengi niliowakagua. Ni asili ya jambo lenyewe. Ningekuwa na sauti huko ningeomba mgeni aizunguke nyumba mara mbili: mara ya kwanza na mtembezaji, asikie ya ngazi na silaha na chatu mpaka ashibe, mara ya pili peke yake, bila maneno, kwa ajili ya picha.

Mimi niliomba ruhusa hiyo, nikapewa. Mjukuu akabaki bustanini.

Sasa picha zenyewe. Zilikuwamo nyingi za ng'ombe wa pembe ndefu, na za wacheza ngoma, na za kina mama wenye vikapu kichwani, na za vilima, na michoro isiyo na umbo la kitu chochote. Vilikuwamo pia vinyago vya mti. Nilivitazama kwa fani na maudhui, kama tulivyofundishwa chuoni na kama nilivyowafundisha wengine, na hasira ikanipanda taratibu. Nilijiuliza: katika nyumba hii? Humu ndimo palipolindwa utawala ambao kwa miaka mingi uliandika kabila la mtu kwenye kitambulisho chake, kitambulisho ambacho mwaka 1994 kilitumika vizuizini kuchagua nani afe. Na wewe mchoraji umepewa ukuta humu, ukatuchorea ng'ombe?

Nilitoa daftari langu. Niliandika kwamba sanaa hii inakwepa. Nikaandika: "Watu wako wapi?"

Mkono ukasimama. Maneno yale matatu nilikuwa nimewahi kuyaandika, kwa wino mwekundu.

Mwezi Juni 1994 kulikuwa na mtoto kutoka kambini aliyezoea kuja hadi ofisini kwangu kuomba karatasi. Angekuwa na miaka kumi na moja au kumi na mbili. Lugha yetu ya Kihangaza na Kinyarwanda ni ndugu, tulielewana. Karatasi zilikuwa adimu, lakini nilikuwa na bunda la mtihani wa majaribio wa hisabati uliodurufiwa vibaya, upande mmoja mweupe, nikawa nampa mojamoja. Alikaa barazani akichora kwa kipande cha penseli, kisha akaniletea. Kila siku alichora nyumba. Haikuwa kibanda cha turubai wala nyumba ya kijijini. Ilikuwa nyumba kubwa, yenye madirisha mengi, uzio, migomba pembeni, na njia iliyonyooka hadi mlangoni. Njiani hapana mtu. Madirishani hapana mtu.

Siku ya nne au ya tano nilikuwa na rundo la madaftari ya darasa la sita ninayasahihisha, na mtoto akaweka mchoro wake juu ya rundo. Nikausahihisha. Siwezi kueleza vinginevyo. Kalamu ilikuwa mkononi na karatasi ilikuwa mbele yangu. Chuoni tulifundishwa kwamba mtoto huchora watu kwanza na vitu baadaye, na mchoro usio na watu ni mchoro usiokamilika. Nikaandika pembeni, "Watu wako wapi?" nikampa alama 12 kati ya 30. Akaitazama ile karatasi muda kidogo, akaikunja mara mbili, akaiacha juu ya meza. Hakurudi tena. Michoro yake yote ilibaki kwenye kabati, na Desemba, tulipofunga mwaka, ikachomwa pamoja na karatasi nyingine za zamani. Niliyetoa amri ya kuchoma ni mimi.

Sikuwahi kujua mtoto yule alikuwa upande gani wa yale yaliyotokea, wala wazazi wake walikuwa wamefanywa nini au wamefanya nini.

Basi nilikaa kwenye benchi katika chumba kile cha Kanombe, nikafunga daftari, nikaanza upya kutazama bila kudai kitu. Na ninachokiandika hapa chini ni uhakiki wa mara ya pili.

Zipo picha humo ambazo ni bidhaa. Nilisema hivyo mara ya kwanza na ninasema hivyo tena. Ng'ombe wa mikwaruzo mitano ya kisu cha rangi, mwenye ukubwa unaoenea kwenye begi la mtalii, unaweza kumpata Kigali, Arusha na Mombasa, na popote umpatapo atakutazama kwa jicho lilelile. Zipo pia picha zinazopiga kelele: mikono iliyoinuliwa, machozi makubwa, moyo uliopasuka katikati. Nilizitegemea hizi ndizo zingefaa nyumba ile, na kumbe ndizo zilizofifia zaidi. Nyumba yenye ngazi zinazohisi mguu wa mtu haihitaji kuelezwa hofu. Yenyewe imekwisha kusema, tena kwa sauti ya chini, na picha inayopayuka mbele yake inaonekana kama mtu anayelia kuliko mfiwa.

Zilizosimama imara ni zile zilizoshughulika na mambo yake zenyewe. Ile ya karibu na dirisha ilikuwa kilima tu, cha rangi ya kahawia, na paa moja la bati juu kabisa, dogo kama ukucha. Nusu ya chini ya kitambaa mchoraji aliipaka rangi nyembamba mno, hata nyuzi zikaonekana. Mara ya kwanza nilidhani amechoka. Mara ya pili niliona kwamba ile nusu tupu ndiyo picha. Jicho linapanda polepole, halina pa kushika, mpaka lifike kwenye lile bati, na likifika linabaki na kazi ya kujiuliza kama ndani mna mtu. Dirisha la pembeni lilionyesha bustani ya rais, kijani kibichi, iliyofyekwa vizuri. Huko Rwesero picha hiyo ingekuwa picha ya kilima. Kanombe inasimama kando ya dirisha la mtu aliyekuwa na vilima vyote, na inatazama kimoja.

Hapo ndipo niliponyang'anywa lile neno langu la bibi arusi na chumba cha maiti. Rwesero picha zilistarehe, kweli, lakini hazikuwa na wa kushindana naye. Kanombe zinajaribiwa. Dhaifu zinaanguka mbele ya macho yako, na nzuri zinakuwa nzuri zaidi ya zilivyotoka mkononi mwa mchoraji. Na tena, aliyechora kilima hana deni kwa nyumba ile. Hakuijenga wala hakuilinda. Ana haki ya kilima chake, na ana haki ya ng'ombe, ikiwa amemtazama ng'ombe kwa kweli.

Kuna jambo moja ningeliongeza kama ningeulizwa. Picha zote zile zimetundikwa kwa misumari, na kilichotundikwa ni mgeni. Kesho kinaweza kushushwa, na ukuta wa rais ukabaki vilevile. Ningependa waitwe kina mama wa Kirehe, wapewe chumba kimoja, kile cha dansi kwa mfano, na samadi ya kutosha, waumbe imigongo moja kwa moja juu ya plasta. Wengi wa waliofufua kazi hiyo baada ya 1994 walikuwa wajane. Na nikishasema hivyo naona kitu ambacho sikukiona Nyakarambi nilipokuwa nahesabu fedha: imigongo haina mtu hata mmoja ndani yake. Ni mistari, pembe na mizunguko. Nilinunua bila kuuliza watu wako wapi.

Mwisho wa ziara ni nyuma ya bustani. Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994 Rais Habyarimana alikuwa anarudi kutoka mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Dar es Salaam, chini ya uenyeji wa Rais Mwinyi. Katika ndege hiyo alikuwamo pia Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Ilipokuwa inakaribia kutua ilipigwa kombora ikaanguka hapo hapo nyumbani kwake; watu 12 wote waliokuwamo wakafa, wakiwamo marubani na wahudumu watatu Wafaransa. Usiku uleule mauaji yakaanza Kigali, na katika siku kama 100 Watutsi waliuawa kwa malaki nchini kote, pamoja na Wahutu waliokataa. Mabaki ya ndege yapo bado, nyuma ya ukuta wa bustani: vipande vya bati la ndege vilivyochakaa, majani yakiota kati yake.

Nilitegemea kuguswa sana. Nilichohisi ni kwamba hapo ndipo mahali pekee katika nyumba nzima ambapo kitu kimewekwa bila kupangwa na mtu. Hakuna aliyechagua kipande hiki kikae kushoto na kile kulia. Kundi zima lilinyamaza, hata mjukuu wangu, ambaye dakika chache nyuma alikuwa ameniambia, "Babu, bustani hii ingefaa harusi." Simlaumu. Ingefaa kweli. Majani ni mazuri na miti ina kivuli.

Nilirudi ndani peke yangu kukitazama tena kile kilima, lakini kulikuwa na wageni wengine na binti yuleyule alikuwa anawaeleza habari za ngazi. Nilisimama nyuma yao. Mwanamke mmoja wa kundi lile, mtu mzima wa kadiri ya miaka hamsini, hakuwa anasikiliza ngazi. Alikuwa amekisogelea kile kilima mpaka pua inataka kugusa kitambaa, akikitazama lile bati. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko mimi. Sikumwuliza kitu.

Njiani kurudi nilimsimulia mjukuu habari ya yule mtoto na alama 12. Alinyamaza mpaka tukapita Kayonza, kisha akaniuliza mtoto yule aliitwa nani.

Nilimwambia sikujua. Hakuwamo katika rejista ya shule, na wasiokuwamo katika rejista sikuwa na desturi ya kuwauliza majina.

Tulifika Rusumo saa kumi na moja jioni, tukagongewa pasi zetu mihuri, tukabadili upande wa barabara. Kile kipande cha imigongo kimetundikwa sasa sebuleni kwangu, juu ya redio. Mke wangu anasema siku za mvua kinanuka zizi.